Nati Nilizokaza kwa Mkono Wangu

Nilimkuta mama yangu mzazi kainamia boneti ya gari la baba, spana mkononi, analegeza nati nilizozikaza mimi.

Mama. Si adui yangu, si fundi mwenzangu mwenye wivu. Mama aliyeninyonyesha.

Nguo kaibana kiunoni, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, na anaimba taratibu kama mtu anayechambua mboga.

"Mama, unafanya nini?"

Hakushtuka hata. Alinitazama, akaitazama spana, akasema:

"Umewahi leo."

Ndugu zangu mnaosoma, nivumilieni, maana ninavyoandika hapa hasira bado haijanitoka...

Mimi ni fundi magari. Ndiyo, mwanamke, na wale wa "jikoni kabaki nani" mpite kimyakimya, leo sina muda wenu. Ufundi kanifundisha baba, dereva wa malori mstaafu, mtu asiyesifia kitu hata kwa bahati mbaya.

Baba ana gari la zamani lililonizidi umri miaka kumi na moja. Analiita Mwenzangu. Mama analiita mke mwenza.

Miezi mitatu iliyopita Mwenzangu akaanza kutetemeka. Ukiwasha, usukani unacheza, vioo vinalia, gia inaruka mkononi. Nikafungua boneti. Maunting zimekufa.

Kwa msiojua, maunting ni zile raba nene zinazokaa kati ya injini na mwili wa gari. Injini ikitikisika, raba inaumeza mtikisiko wote, nyinyi mliokaa ndani mnapiga stori. Hizi zilikuwa zimekauka na kupasuka mpaka chuma kinagonga chuma.

Kuzipata nyingine... acheni tu. Gari la umri ule, ukitaja jina lake dukani wanakucheka. Nilizunguka wiki mbili, nikazipata kwa mzee mmoja anayeuza vipuri vya magari yaliyosahaulika.

Nikazifunga kama baba alivyonifundisha. Nati unazishikisha kidogo tu, unateremsha jeki, unawasha injini, unaiacha itafute mahali pake. Ikishatulia, ndipo unakaza. "Injini haikazwi ikiwa hewani," ndio msemo wake tangu niko mdogo.

Gari likatulia kama maji mtungini.

Wiki mbili tu. Likaanza tena.

"Nati zimelegea, baba."

"Zimelegea au hukuzikaza?"

"Nilizikaza."

"Mm."

Ile "mm" ya baba wanaomjua wanaijua. Bora akutukane yaishe.

Nikakaza upya, nikaweka na washa mpya, vile vipete vya chini ya nati. Siku ya tisa likatetemeka tena, na safari hii raba moja ilikuwa imechanika. Nikarudi kwa yule mzee wa vipuri kubembeleza nyingine.

Jumapili mezani, mbele ya kaka yangu mkubwa, baba akanisema.

"Miaka kumi na tano ya ufundi, nati nne zinamshinda."

Kaka alicheka mpaka akapaliwa. Mama akaniongezea chakula, macho chini. Nikajua ananihurumia. Kumbe!

Nikaanza kujitilia shaka, jamani. Gereji nakaza nati ya mteja, naondoka, narudi kuigusa tena, naondoka, narudi. Mteja mmoja akaniuliza, "Fundi, leo uko sawa kweli?" Nikamjibu niko sawa. Sikuwa sawa.

Mara ya tatu baba akaniita pembeni.

"Hii ndiyo ya mwisho. Ikilegea tena nampelekea fundi wa darajani. Mwisho wa mwezi nina safari, naenda kwa shangazi yako. Kilomita mia tatu."

"Utaendesha mwenyewe?"

"Aendeshe nani? Wewe usiyejua kukaza nati?"

Nikameza. Nikakaza. Halafu nikafanya ujanja mmoja: nikachukua rangi yangu ya kucha, nyekundu, nikachora mstari unaopita juu ya kila nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikizunguka hata kwa unywele, mstari unakatika. Sikumwambia mtu.

Jumamosi baba kaenda kunyolewa, nikapita nyumbani kukagua mistari yangu.

Nilichokikuta mnakijua.

"Kwa nini, mama?"

Aliketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, spana mapajani.

"Baba yako haoni."

"Haoni kivipi?"

"Kabla gari halijaharibika nilikuwa nimesimama kituoni na mizigo yangu. Nikampungia mkono. Akanipita, karibu mpaka nguo ikapeperuka. Nyumbani namuuliza, anasema pale hapakuwa na mtu." Akavua miwani, akaifuta. "Wiki ileile akapanda ukingo wa barabara, mbele ya geti la shule. Nikamwambia twende kwa daktari wa macho. Akanuna siku tatu."

"Sasa nati zinahusu nini?"

"Si unamjua? Gari likitetemeka hagusi usukani. Zile raba zilipokufa zenyewe alikaa nyumbani, na mimi nikalala usingizi. Wewe ukaja ukalitengeneza."

"Na mimi je? Ulinisikia nasemwa mezani."

"Nilisikia."

"Ukaniongezea chakula."

"Ningefanyaje, mwanangu?"

Hapo hasira ikanipanda mpaka masikioni.

"Mama, injini iliyolegea inahama. Inaweza kuvuta waya wa mafuta, gari likaongeza kasi lenyewe wakati mguu wake uko kwenye breki. Ulikuwa unamwokoa au unamzika?"

Spana ikamponyoka, ikalia sakafuni. Hakujua. Niliona usoni kwamba kweli hakujua. Akaanza kulia, na mimi nikasimama pale kama mlingoti, nataka kumkumbatia na nataka kugombana naye.

Geti likalia. Baba karudi, kichwa kimenyolewa safi, na mkono mmoja unapapasa ukuta njia nzima. Miezi yote ile sikuwahi kuuona ule mkono.

Mama akanitikisia kichwa: usiseme.

Nikamwita.

"Baba, njoo uone. Nimechora mstari wa rangi kwenye nati. Umekatika au mzima?"

Akainama. Akakaa sana. Akapitisha kidole gumba.

"Mzima."

"Rangi gani?"

Akapitisha kidole tena.

"Nyeusi."

"Nyekundu, baba. Na umekatika."

Nilijiandaa kufokewa. Badala yake akasogeza mguu mpaka ukaigusa spana, akaiokota, akaenda kuitundika ukutani kwenye msumari wake bila kukosea.

"Mama yako huitundika kichwa chini," akasema. "Kama mwiko. Mara mbili nimepapasa hapa nikaikuta kichwa chini."

Mama akaacha kulia ghafla.

"Ulijua?" nikauliza.

"Tangu mara ya pili."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini? Kwamba naogopa usukani? Miaka arobaini naitwa Dereva, hata jina langu watu wamelisahau." Akaegemea ukuta. "Nati zikilegea, gari ndilo limekataa. Si mimi."

"Na safari ya shangazi?"

"Maneno tu. Nilijua mama yako hataniacha nifike getini."

"Na mimi, baba? Nati nne zinanishinda?"

Akashusha macho.

"Wewe nilijua utavumilia."

Wadau, hilo neno liliniuma kuliko ile "mm" ya kwanza. Nikafungua mdomo na sikupima maneno.

"Mnajua raba ya maunting inafanya kazi gani? Inakaa kati ya vyuma viwili visivyotaka kugusana. Vinatikisika, yenyewe inameza. Nyinyi wawili mnalala kitanda kimoja, hamwambiani kwamba mnaogopa, katikati mmenibana mimi. Na nikichanika mnasema sikukazwa vizuri."

Nikaitoa spana ukutani, nikakaza nati zote nne.

Nilipofunga boneti, baba alikuwa ametoa funguo mfukoni, kazinyoosha kwangu. Alikosea kidogo, alinyoosha pembeni yangu. Nikasogea mimi.

"Jumatatu nipeleke kwa huyo daktari."

"Nitakupeleka. Lakini kwanza mpigie kaka."

"Nimwambie nini?"

"Unajua."

Nikampigia, nikamwekea simu sikioni. Baba akakohoa.

"Nati zilikuwa zimekazwa," akasema. "Dada yako ni fundi. Nilikuwa najua." Akakata kabla kaka hajauliza.

Ndiyo mara ya kwanza maishani kusikia kinywani mwake kwamba mimi ni fundi. Nilijifanya natafuta kitambaa cha kufutia mikono.

Jumatatu niliendesha mimi, baba nyuma. Mama alikaa mbele. "Leo mke mwenza kanipisha," akasema, na baba akacheka.

Wazazi mnaosoma hapa: mtoto anayevumilia si kwamba haumii. Mnayoogopa ambianeni wenyewe.

Na ile rangi ya kucha nimeichora upya. Kila Jumamosi napita kukagua mistari yangu. Nawapenda wazee wangu, lakini kwa nati siwaamini.