Viganja Ndani ya Bomba

Jumanne, tarehe tisa Machi, saa nne na robo asubuhi, ndipo rafiki yangu fundi wa mabomba alipoacha kulala bila taa.

Alikwenda na msimamizi wake kukagua, kwa kamera ya kusukumwa kwa waya, bomba kubwa la maji machafu walilolitengeneza bila kuchimba barabara. Kwa ndani walilivika soksi, yaani mfuko mrefu wa kitambaa wenye gundi, wakaijaza upepo, ikabana ukuta na kukauka kama jiwe. Kabla ya kufungua upepo, mafundi huhesabu watu. Mwezi uliotangulia msimamizi hakuhesabu, na shemeji wa rafiki yangu alikuwa bado mle ndani; soksi ikambana ukutani hadi akafa. Walimtoa maiti, wakamzika, wakavika soksi nyingine.

"Aliingia bila ruhusa yangu," alisema msimamizi, ameketi kwenye mdomo wa bomba.

"Mwogope Mungu, bosi. Mjane wake ni dada yangu."

"Sukuma kamera. Mahubiri kayafanyie nyumbani."

Fundi aliisukuma hadi mwisho. Huko gizani kulisikika pumzi, nzito, ya mtu aliyebanwa kifua. Alipoanza kuivuta kamera, aliona kwenye kioo cha kuonyeshea picha kuwa ukuta mpya umevimba: kiganja na vidole vitano, vimesukumwa kutoka upande wa nyuma. Hatua moja baadaye, kingine. Kisha kingine, kikiwakaribia.

"Zima!" msimamizi alilia.

Fundi hakuzima. Mungu amsamehe, alifurahi.

Kiganja cha mwisho kilikuwa kwenye ukingo uleule aliokalia msimamizi, na gundi yake ilikuwa bado mbichi.

Ee Mwenyezi Mungu, umlaze marehemu mahali pema, atulie.