Taa ya Tatu

Shoga yangu hajui kutunga uongo hata wa kuombea chumvi. Baada ya kumzika mwanawe, fundi wa redio, alikwenda dukani kwa mshirika wa marehemu kuchukua pasi yake ya nguo aliyoipeleka kutengenezwa. Umeme ulikuwa umekatika, giza la kujikwaa mchana. Mezani, kwa mwanga wa mlangoni, akaiona bodi ya redio ya betri, ya masafa marefu, ambayo mwanawe aliichora na kuilehemu.

“Nimeibuni mwenyewe,” mshirika akasema, macho makavu. “Kesho naipeleka mashindanoni. Ziko mbili, zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Taa moja ikiwaka, mwenzake iko mbali. Taa tatu, iko karibu.”

“Iwashe basi, baba.”

“Itaongea na nani, mama? Ya pili ilipotea.”

“Haikupotea. Nilimzika nayo mwanangu, mkononi.”

Mshirika akacheka jino pembe, akaiwasha. Taa moja ikawaka. Redio ikakwaruza, kisha ko, ko, ko: mpini wa bisibisi, kama marehemu alivyozoea kugonga kila bodi aliyoimaliza.

Taa ya pili ikawaka. Mshirika akarudi nyuma mpaka ukutani.

“Mwitikie,” shoga yangu akasema, akivuta kiti akae. “Si bodi yako?”

Taa ya tatu ikawaka. Redio ikanyamaza kimya.

Ko, ko, ko. Safari hii chini ya meza.