Mhojiwa wa Arobaini na Moja

Msusi alikuwa na mteja kitini na wengine watatu kwenye benchi, siku ya kutopumua, ndipo kijana wa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi akaingia saluni na karatasi zake. Akajitambulisha kuwa ni mwalimu wa jiografia chuoni, anatafiti nani alihamia mtaa huu, kutoka wapi, na makabila yake yamebadilikaje. Akamuuliza wazazi wake walitoka wapi.

"Sisi ni wa hapahapa," akajibu bila kuinua macho. "Andika hivyo uende, unanizibia mwanga."

Aliandika, lakini hakwenda mbali. Kesho yake alirudi kuuliza swali alilodai kulisahau, keshokutwa akasahau jingine. Kufikia mwezi wa tatu akawa anamwita Wa Hapahapa wangu, naye msusi anajipaka wanja kabla ya kupokea simu, simu ambayo haioni mtu!

Kikwazo cha ndoa kilikuwa mama yake msusi. Alimlea binti peke yake tangu mumewe afariki, na neno lake nyumbani halikuwa na rufaa. Kijana ana adabu, alisema, ila kabila lake hapana. Wakwe wa kule kwao hataki kuwaona mlangoni kwake. Msusi alijipa moyo kwamba mama atalainika. Kisha akazuka Arobaini na Moja.

Ndivyo alivyoandikwa kwenye simu ya Mwalimu, namba tupu. Akipiga, Mwalimu aliinuka, akaenda dirishani, akaongea lugha ya kwao kwa upole na vicheko vya chini chini. Mara tatu msusi alijifanya hasikii. Mara ya nne yakamshinda.

"Ni nani huyo?"

"Mhojiwa wangu. Nimeapa kutowataja, mpenzi. Ndiyo kazi."

"Mwanamke?"

"Mwanamke."

Wivu jamani hauna dawa. Msusi alianza kumshuku kila mteja mwenye lafudhi ya kule. Mmoja alisukwa kwa hasira hadi akatokwa machozi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba yule ni wa kwao, anamchekesha kwa lugha ambayo yeye hajui hata kuombea maji. Akamwambia Mwalimu amtaje au waachane. Mwalimu akasema hawezi. Wakaachana kwa wiki mbili.

Jumapili mchana Mwalimu akaja saluni kubembeleza. Alipotoka kuongea na mlinzi aliyetaka gari lisogezwe, simu yake ikaita mezani. Arobaini na Moja. Msusi akaidaka, matusi tayari mdomoni. Sauti ya upande wa pili haikungoja salamu, ikamwaga maneno ya lugha ile kwa furaha na vicheko, na matusi yote yakamkauka. Sauti hiyo ndiyo iliyombembeleza utotoni.

"Mama?"

"Njoo nyumbani," mama akasema. "Naye aje."

Waliketi watatu sebuleni, mama akikunja na kukunjua ncha ya mtandio. Alifika mtaa huu ana miaka kumi na tisa, akaeleza, na hakuna aliyewapangisha chumba watu wa kabila lake. Akajiita wa kabila jingine, akajifunza kusema kama wao, akaolewa hivyo. Hata marehemu hakujua. Miaka thelathini na miwili baadaye kijana akabisha hodi na karatasi, akamsoma kwenye lafudhi, akamsalimia kwa lugha yao, naye akalia palepale. Tangu hapo alimpigia ili aongee tu. Wakwe aliwakataa kwa sababu wangemtambua kwa salamu ya kwanza.

Msusi hakutulia. Wivu haukwisha, ulihama.

"Yeye umempa vicheko hivyo, Mama. Mimi uliyenizaa sijawahi kuvisikia." Akamgeukia Mwalimu. "Nawe ulijua. Neno lako moja lingetuoza."

"Halikuwa langu kulisema," akajibu.

Alimpenda upya kwa jibu hilo, na bado akatamani kumfinya.

Mama akafuta macho. "Waambie wazazi wako waje Jumamosi, baba. Nitawapokea mwenyewe mlangoni, kwa lugha yetu, na majirani wasikie."

Msusi akavuta kiti hadi magoti yake yakagusana na ya mama.

"Basi nina siku sita. Nifundishe, lakini wewe, si yeye. Yeye asubiri nje."

Mwalimu akatoka, akavuta mlango, akasubiri.