Pikipiki Iliyorudi Zizini

"Milioni moja na laki tatu, Mayige. Nilikuhesabia mkononi, hapahapa, mkeo akiwa amesimama pale anapepeta. Nilibakiza hata mia?"

"Hukubakiza."

"Basi kadi ya pikipiki yangu iko wapi?"

Mayige aliinama. Aliingiza mkono chini ya kigoda, akatoa fundo la kitambaa, akaliweka mapajani mwa Nyanjige. Noti za elfu kumikumi zilichungulia.

"Hiyo ni milioni moja na nusu," alisema. "Niachie pikipiki, mayu, mama yangu. Hiyo laki mbili ya juu kanywe soda."

Nyanjige alikuwa na hasira za karibu, na soko zima la Bariadi alikouza dagaa walilijua hilo. Walijua pia kwamba akisema kopo ni elfu mbili, ni elfu mbili. Hampunguzii anayemchekea wala hampandishii mgeni. Mtu anayerudisha hela zaidi ya aliyopokea alimtia shaka kuliko mwizi.

"Wewe una hela, mimi nina pikipiki. Tulishamalizana. Nimetoka mjini mpaka Zagayu kufuata kadi, sikuja kuuza kitu."

"Kadi sikupi."

"Hunipi kwa sababu gani?"

Mayige alitazama jua. Lilikuwa limeshagusa vichwa vya minyaa iliyozunguka ua. Kisha akatupa jicho nyuma ya nyumba, kwenye zizi la zamani lisilo na mfugo, upesi upesi, kama mtu anayechungulia kidonda chake.

"Umewahi kuiendesha giza likiingia?"

"Saa kumi mimi niko nyumbani. Kwani vipi?"

"Basi leo lala hapa."

"Nilale hapa, mkeo umpeleke wapi?"

Siku nyingine Mwandu, mke wa Mayige, angedondosha ungo kwa kicheko. Leo hakuinua hata macho.

Nyanjige alilirudisha fundo la hela kwenye kigoda. "Jumatatu nakuja na mwenyekiti wa kitongoji," alisema. "Hiyo kadi uwe umeiona." Akapanda, akapiga kiki.

Mwandu alimkimbilia mpaka kwenye uwazi wa ua. Akamshika mkono, akanong'ona:

"Ikikuvuta, mayu... usishindane nayo."

"Nini kinivute?"

Lakini Mwandu alikuwa ameshageuka.

Mtu ambaye hajawahi kuulizwa ametoka wapi hawezi kujua pikipiki ni nini. Nyanjige aliulizwa kwa miaka tisa. Paschal, mume aliyekuwa naye, alimuuliza anakwenda wapi, amechelewa nini, amesimama na nani kisimani. Siku aliyomwacha aliondoka kwa miguu, gunia kichwani, mdogo wake Gloria akimfuata nyuma na ndoo. Baada ya hapo akawa mtu wa kuomba lifti kwenye malori ya mnadani. Analipia mzigo, analipia nafasi ya kukaa, na bado dereva anataka aongeleshwe vizuri.

Ndipo akanunua hii nyekundu. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunzia kwenye shamba la pamba lililokwisha kung'olewa mabua, akaangukia miiba, akaitukana, akapanda tena. Sasa leo yuko Mwandoya, kesho kutwa Migato. Akitaka kupinda anapinda. Akitaka kusimama aangalie mvua inavyotembea kule mbugani, anasimama. Upepo ukimwingia kwenye mikono ya shati alijisikia hana jibu analodaiwa na mtu yeyote chini ya jua.

Hata jioni hiyo, pamoja na hasira zake, barabara ilimpoza. Akaweka gia ya nne. Akaanza kuimba.

Ndipo akasikia kengele.

Ko... ko... ko...

Kengele ya ng'ombe, ile ya bati zito, na ilikuwa karibu sana. Akatazama kushoto: pamba. Kulia: pamba. Akatazama kwenye kioo: vumbi lake mwenyewe. Akaongeza mwendo. Kengele nayo ikaongeza.

Kisha ikaja harufu. Haikuwa ya petroli. Ilikuwa ya maziwa yaliyotoka kukamuliwa, na ya mavi mabichi ya ng'ombe, na ya ngozi iliyoshinda juani. Tanki lilikuwa la moto kati ya magoti yake. Hilo la moto halikumshtua. Kilichomshtua ni kwamba lilikuwa likipanda na kushuka.

Taratibu.

Kama linapumua.

Usukani ukaanza kukata kushoto. Akaurudisha. Ukakata tena, bila papara, kama mnyama anayepajua kwao na hana haja ya ugomvi. Akakanyaga breki, mguu ukaenda mpaka chini bila kitu. Akazima ufunguo. Mngurumo ukakatika, taa ikafa... na pikipiki ikaendelea kwenda.

Akayakumbuka maneno ya Mwandu. Akaulegeza mkono.

Ikaiacha barabara. Ikashika vijia vya ng'ombe ambavyo yeye hakuwahi kuvipita, ikazunguka vichuguu, ikashuka korongo na kulipanda. Hakusikia kitu isipokuwa ile kengele na pumzi, na hakuwa na hakika kama pumzi ni zake. Walipotokea upande wa pili aliiona minyaa ileile. Alikuwa nyuma ya nyumba ya Mayige.

Lango la zizi la zamani lilikuwa wazi. Pikipiki ikaingia. Nyanjige akaruka chini, nayo ikajizungusha mara moja, ikalala kwa ubavu katikati ya zizi.

"Mwadila, mayu," sauti ikamsalimu.

Mzee alikuwa amechuchumaa kwenye nguzo ya lango, shuka begani. Uso haukuonekana. Giza la siku hiyo lilikuwa limeanzia usoni mwake, kwingine likawa bado.

"Mwadila, guku," Nyanjige alimjibu babu huyo, maana salamu ni salamu.

"Umemchelewesha ng'ombe wangu."

Miguu ilimtaka akimbie. Lakini hasira za Nyanjige zilikuwa na mbio kuliko woga wake.

"Hii ni pikipiki, guku. Nimeinunua."

"Kwa nani?"

"Kwa Mayige."

"Mayige hana ng'ombe," mzee alisema, sauti haikupanda. "Alishikishwa kamba tu." Akanyoosha mkono, akalipapasa tanki kwa chini, pale ambapo mtu angepapasa tumbo. Ndani ya chuma kitu kikatoa pumzi ndefu ya kuridhika.

"Sasa mimi nimelipa," Nyanjige alisema. "Nifanyeje? Nitembee kwa miguu?"

"Tembea."

Neno hilo ndilo lililomharibu. Aliliona gunia kichwani. Aliona lori, na dereva anayetaka kuongeleshwa vizuri, na Paschal amekaa mlangoni anauliza. Akasema moyoni, chochote, lakini huko sirudi.

Huku Usukumani mwenye ng'ombe wengi humpa mwenzake amtunzie. Mtunzaji anakunywa maziwa. Ng'ombe na uzao wake vinabaki vya mwenyewe, siku yoyote akivitaka anakuja kuvichukua. Mtoto mdogo analijua hilo. Nyanjige naye alilijua, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akapanga kumpunja mtu.

"Nipe huyu nikutunzie," alisema. "Aniache niende ninakotaka, asubuhi na jioni. Maziwa yangu. Uzao wake wote wako."

Ndani kwa ndani alicheka. Pikipiki itazaa nini?

Kengele ikalia mara moja, bila kutikiswa na mtu.

"Umesema mwenyewe," mzee akasema.

Mwanga wa tochi ya simu ukapita kwenye miiba. Ulipofika pale kwenye nguzo hapakuwa na mzee, wala shuka, wala alama ya mtu kuchuchumaa. Aliyeshika tochi alikuwa Mwandu.

"Umemwona," alisema. Halikuwa swali.

Akamvuta nje ya zizi, akamweleza kwa kunong'ona. Mzee yule ni Mboje, babu yake Mayige, marehemu wa siku nyingi. Ukoo ulimtengea ng'ombe mwekundu, ng'ombe wa mzimu, hauzwi wala hachinjwi mwenyewe asipoambiwa. Mayige akamswaga mnadani kimyakimya, akarudi na pikipiki nyekundu. Tangu hapo kila jioni waliikuta zizini, hata wakiifunga kwa mnyororo. Ndipo akaiuza mjini, ambako haikuisikia kengele.

"Na sasa mtoto wetu mdogo halali," Mwandu alisema. "Anakaa kitandani macho wazi, anaita ng'ombe. Kwa sauti ya kizee."

"Si mngemnunua mwekundu mwingine?"

"Tulimnunua. Alifika langoni akagoma kuingia. Asubuhi tukamkuta amekufa. Amesimama." Akamgeukia Nyanjige. "Wewe amekuachaje?"

"Tumeelewana. Namtunzia. Namrudishia uzao."

Tochi ikashuka taratibu mpaka ikamulika miguu yao.

"Mayu," Mwandu alisema, "ungempa tu."

Pikipiki haikumvuta tena. Jumatatu hakwenda na mwenyekiti yeyote, na kadi hakuidai tena. Nyekundu, kama alivyoiita pikipiki yake, alimpeleka kila alikotaka, jua na mvua, na mafuta ya siku moja yalikaa siku tatu. Dagaa walitoka. Wateja walimngoja. Kulikuwa na jioni alizozima taa makusudi njia ya Meatu, akaacha mbalamwezi imwangazie, akapanua mikono yote miwili kama mtoto. Jina la Paschal likawa kama jina la kijiji alichowahi kupita. Na akilini mwake yale ya zizini yakaanza kufifia, akajiambia ni uchovu, na vumbi, na maneno ya Mwandu.

Mwaka ukazunguka. Hela ya dagaa ikanenepa. Gloria alikuwa amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani, na kila Jumapili aliazima Nyekundu akazunguka uwanja wa mpira huku anapiga vigelegele. Nyanjige alimtazama akajiona mwenyewe. Akaenda dukani Bariadi, akamnunulia mdogo wake pikipiki mpya, ya bluu, kadi ndani ya bahasha. Hakukumbuka kitu. Alifurahi tu.

"Dada," Gloria alimwambia baada ya siku chache, akisugua meno mlangoni, "hii pikipiki yangu inatembea usiku. Naiacha hapa ukutani. Asubuhi naikuta imejibana kwa hiyo yako, ubavuni kabisa, kama inanyonya."

Nyanjige alicheka. Kisha akakaa chini.

"Leo usiende Migato," alisema.

"Dada na wewe. Mzigo nimeshaufunga, na hela za watu nimeshakula." Akavaa helmeti, akamkonyeza. "Saa kumi nimerudi."

Saa kumi ikapita. Jua likagusa mabati ya jirani. Simu ikaita.

"Dada," Gloria alisema, na nyuma yake upepo ulikuwa unavuma, na alikuwa bado ana kicheko kidogo kwenye sauti, "nani amenifungia kengele kwenye pikipiki?"

Ko... ko...

Simu ikakatika.

Nyanjige alitoka nje mbio. Nyekundu alikuwa ameshageuka, gurudumu la mbele linaangalia Zagayu. Hakupiga kiki. Alipanda tu.

Nyumba ya Mayige ilikuwa imeezuliwa mabati. Walishahama, na mlango walikuwa wameuziba kwa miiba kwa nje. Nyasi zilikuwa zimemeza ua wote isipokuwa njia ya zizini. Ile ilikuwa imekanyagwa ikalainika.

Pikipiki ya bluu ilikuwa imelala kwa ubavu katikati ya zizi. Bado ya moto. Gunia la dagaa halijafunguliwa. Helmeti ya Gloria ilikuwa imetundikwa juu ya nguzo, vizuri, kama inavyotundikwa na mtu anayetarajia kukaa.

"Gloria?"

Nyekundu akapita pembeni yake, akaenda, akalala karibu na ile ya bluu. Harufu ya maziwa ikajaa mpaka ikauma pua, na kengele ikaanza kulia polepole.

"Mwadila, mayu." Ilitoka pande zote za miiba. "Umeuleta uzao wangu."

"Mdogo wangu hakuzaliwa na ng'ombe wako."

"Amenenepeshwa na nini?"

Kila chakula alichokula Gloria mwaka ule, kila sare, kila kiatu, Nyanjige aliviona vimepangwa mbele yake. Kisha hasira zikaja. Safari hii zilikuja polepole, zimetulia, na hakuna ujanja aliouchanganya ndani yake. Alichomoa funguo za pikipiki zote mbili, akazirusha zizini, zikagonga chuma. Alijua anatoka pale kwa miguu, na atakwenda kwa miguu mpaka anazikwa.

"Ng'ombe wako huyo," alisema. "Ndama wako huyo. Alichokula mdogo wangu ni maziwa, na maziwa yalikuwa yangu. Tulisema, mimi na wewe, hapahapa."

Kengele ilinyamaza.

"Sina chako. Nipe mdogo wangu."