Hakuna Aliyemtazama Kifungo Akinyonya

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea kwenye kibaraza cha nyumba yetu, kutwa mguu uko kwenye kanyagio. Nilipojifungua, mume wangu alimwangalia mtoto alivyo mdogo na wa mviringo, akacheka. "Huyu ni kifungo cha shati," alisema. Jina likamganda.

Kifungo alipofikisha wiki tatu nilikuwa nimerudi kazini. Akilia, nilimpakata hapo hapo kwenye cherehani, nikamwinamia, nikamtia titi kinywani. Uwii! Maumivu yake usiombe. Chuchu zilipasuka zikatoa damu. Nikajikaza kisabuni. Nilidhani kila mama huumia hivyo.

Lakini Kifungo alinyonya kutwa na hakushiba. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Nepi zilikaa kavu. Mashavu yakaanza kunywea. Niliogopa kumpoteza mwanangu, nasema kweli.

Basi midomo ikafunguka. Mteja wa shati akasema maziwa yangu mepesi. Mteja wa gauni akasema nimepigwa jicho. Wa tatu, ambaye hajawahi hata kubeba mtoto wa jirani, akaniambia ninywe supu. Hivi jamani, matiti yangu yamekuwa mkutano wa hadhara? Kila mtu na lake, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Hebu nione anavyonyonya."

Mama mkwe akaja na kikombe cha maji ya sukari.

"Mwanangu, mpe haya. Mtoto ana kiu."

"Mama, hospitali walisema asipewe maji."

"Hospitali ndiyo inayolala naye humu ndani? Atakufia mikononi kwa ubishi wako!"

Kabla sijajibu, mume wangu akaingia na kopo la maziwa ya unga. "Sikulaumu, mama Kifungo," alisema kwa upole. "Huna maziwa tu, basi."

Damu ilinichemka. "Nani kayapima akaona sina? Nampeleka kliniki sasa hivi. Mwenye ubavu wa kunizuia asimame mlangoni!"

Hakusimama mtu. Mama mkwe alivaa viatu akanifuata. "Nakuja kuwasikia wakikwambia yale yale niliyokwambia mimi," alisema.

Kliniki tulipokelewa na muuguzi anayewasaidia akina mama kunyonyesha. Alimpima Kifungo joto, akamwangalia kinywa na ngozi, kisha akamweka kwenye mizani. Alikuwa mwepesi kuliko siku aliyozaliwa.

"Tumewahi," muuguzi alisema. "Sasa kaa umnyonyeshe kama unavyomnyonyesha nyumbani. Nataka kuona."

Nikakaa, nikainama.

"Baki hivyo hivyo. Unafanya kazi gani, mama?"

"Nashona."

"Nimeona! Umemwinamia mtoto kama unavyoiinamia sindano. Yeye amelala chali, shingo ameipinda, amekamata ncha ya chuchu tu. Ndiyo maana unaumia na yeye hapati kitu. Hebu geuza shingo mpaka begani, halafu umeze mate."

Nikajaribu. Ilikuwa kazi. Mama mkwe naye alijaribu, akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Muuguzi akaniegemeza kwenye kiti. Akamgeuza Kifungo, tumbo lake likagusa tumbo langu, kichwa na mgongo vikanyooka. "Usimpelekee titi," alisema. "Mlete yeye kwenye titi. Ngoja apanue kinywa sana. Sasa! Kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ufunuke nje, na weusi unaozunguka chuchu uingie kinywani, hasa wa upande wa chini."

Kifungo akavuta. Sikuumia. Nikamsikia akimeza, mara moja, tena na tena. Nililia pale pale.

"Kumbe maziwa yapo?" mama mkwe aliuliza.

"Yapo, mama. Akinyonya vizuri na mara kwa mara, usiku na mchana, yataongezeka. Maji ya sukari yangemjaza tumbo asinyonye. Mpaka miezi sita, maziwa ya mama yanamtosha, hata maji hayahitaji."

"Na lile kopo?"

"Wapo watoto wanaolihitaji. Lakini hilo tunaliamua hapa, baada ya kumpima mtoto na kumwona akinyonya." Akanigeukia. "Rudi kesho kutwa nimpime tena. Ila akilegea, akikataa titi, au nepi zikiendelea kukaa kavu, usingoje. Na wewe ukipata homa, au titi likivimba na kuwa jekundu, njoo mara moja."

Nyumbani, mume wangu aliniwekea kiti chenye mgongo na mto wa kuegemea. Mama mkwe akawa askari wa kibaraza. Mteja akilalamika, alimjibu, "Fundi ananyonyesha. Shati lako halilii." Nepi zikaanza kulowa. Chuchu zikapona. Tulirudi kliniki kila tulipoitwa, na uzito wa Kifungo ukapanda mpaka ukapita ule wa kuzaliwa.

Nilifurahi, lakini hasira haikuniisha. Nilimwuliza muuguzi, "Mbona siku niliyojifungua walinipa dawa, wakaniambia nyonyesha, wakanifungulia mlango? Kwa nini hakuna aliyenitazama?"

"Una haki ya kuuliza," alijibu. "Kawaulize wao."

Nikaenda hospitali niliyojifungulia. Wodi ya wazazi ilikuwa imejaa. Mama mmoja kijana alikuwa ameshafunga mizigo yake, mtoto analia kifuani. Nilimwuliza kama kunyonyesha kunamuuma. Akatazama chini, akaitika kwa kichwa.

Nikamwita mkuu wa wodi, na sauti yangu mnaijua. "Huyu anaondoka, na nani amemwona mtoto wake akinyonya?"

"Mama, tuko wachache hapa. Tutajitahidi."

"Mwenzangu huyu anaenda kuumia kama nilivyoumia mimi, na mwanawe anaenda kukonda kama wangu. Mkubali au mnifukuze, siondoki."

Wazazi wote walikuwa wanatutazama. Mkuu wa wodi aliniangalia, akamwangalia yule mama kijana. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Fungua mizigo, mwanangu," alisema. "Mnyonyeshe, nione."