Chungu cha Matundu Matundu

"Uliniambia mchumba wako anashinda na mwiko," mama alisema, akakitua kikombe mezani kwa kishindo. "Nikajua mpishi."

"Mwiko wa kuchimbia, mama. Kama ule wa fundi wa ujenzi."

"Kumbe mfukua makaburi! Sasa nisikilize. Ukimwoa huyo, harusini usinitafute."

Mimi fundi friji, maneno sina. Lakini mama ndiye mzazi pekee niliyebaki naye, na kuoa bila yeye nisingeweza hata kidogo. Nikamtumia mchumba wangu meseji: "Bi Mkubwa amegoma. Anasema unafukua makaburi."

Akajibu: "Makaburi hatujagusa, tumechimba jikoni kwa watu wa kale. Jumamosi tunawaonyesha wananchi vitu tulivyovipata, ukumbi wa shule. Mlete."

Hapo ndipo ninapompendea yule mwanamke. Mwingine angelia, akazima simu.

Jumamosi mama alikuja kanuna, mkoba kaukumbatia. Ukumbi ulijaa majirani na wanafunzi, na mbele kabisa mabosi wa mchumba wangu na tai zao. Yeye magotini bado ana vumbi, anaeleza kila kigae kana kwamba anapiga soga na jirani. Watu wanamsikiliza yeye tu. Nilijivunia kweli.

Akafika kwenye chungu chenye matundu matundu kitakoni. Kadi yake iliandikwa: *Chombo cha matambiko.*

Mama, aliyefinyanga vyungu miaka thelathini, akacheka waziwazi.

"Matambiko gani, binti? Hilo ni chujio. Unatoboa udongo ukiwa mbichi, maji yatoke, nafaka ibaki. Nimeyauza mimi haya, mpaka plastiki zilipokuja kutuharibia soko."

Bosi mmoja akakohoa. "Mama, tafadhali. Hilo limeshafanyiwa utafiti."

Nikasema basi, ndoa imekwenda na maji. Mchumba wangu akamtazama bosi, akamtazama mama, kisha akachukua kalamu na kuikata ile kadi mstari mmoja.

"Nimekosea," akasema mbele ya wote. "Miezi minne nalala naamka na hiki chungu, na sikukijua. Mama, naomba ukishike utufundishe."

Akamkabidhi. Mama akakipokea kwa mikono miwili kama kitoto kichanga, akapitisha kidole kwenye kila tundu. Nusu saa nzima yeye ndiye alikuwa mwalimu. Hata yule bosi alitoa daftari akaandika. Mchumba wangu alikaa chini sakafuni pamoja na wanafunzi, anauliza maswali. Nilimpenda upya, wallahi.

Walipomaliza, akaandika kadi mpya: *Chujio.* Kisha akainua uso.

"Chini huwa tunamtaja aliyetufundisha. Nikuandike nani, mama?"

Mama alinitazama mimi, akamtazama yeye, akaufuta udongo mikononi taratibu.

"Andika mama mkwe."