Shikamoo Niliyomdanganyia Mama Katibu

Wasomaji wenzangu, mie ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa, mkazi wa Temeke, fundi wa kuchomelea mageti. Sina mke wala mtoto. Haya ninayoyaeleza hata dada yangu Rehema hayajui yote, na akiyasoma humu naomba anisamehe...

Nilikuwaga teja. Sio teja wa kuonja, teja wa kuiba sufuria ya dada yake ikiwa na maharage jikoni. Rehema ndiye aliyenipeleka hospitali moja ya huku kwetu, walikokuwa wakitoa dawa ya maji ya kutuliza arosto, yale maumivu ya kukosa unga. Unainywa dirishani kila asubuhi, mbele ya nesi. Kwenda nayo nyumbani hairuhusiwi.

Dirisha lile lilikuwepo kwa sababu ya mtu mmoja, katibu wa hospitali, mama wa Mbeya, mnene, mkali kwa wakubwa wenzake na mpole kwetu. Sie tulimwita Mama Katibu. Kazi yake ilikuwa ofisini, mambo ya watumishi na majengo, angeweza kabisa kutupuuza. Lakini majirani walipolalamika kwamba hospitali inawajazia wezi, yeye ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa mtaa. Alisema hawa ni wagonjwa, na siku mkiona ujanja wowote kwao lifungeni dirisha, sitabisha.

Mwanzoni nesi alikuwa anatuamuru tupanue mdomo, tutoe ulimi, tuinue ulimi, maana wapo wanaoficha dawa mdomoni wakaigawe mtaani. Mama Katibu akasema tunakaguliwa kama ng'ombe wa mnadani. Akaweka utaratibu wake: ukishameza, unamsalimia yeye, pale kwenye benchi alipokuwa anakaa kabla ya kuingia ofisini.

"Shikamoo Mama Katibu."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, jana umekula nini?"

Ukiweza kumjibu vizuri, umemeza. Ukaguzi ukageuka salamu. Jamani, mie nilikuwa nimezoea watu wazima wakiniona wanakumbatia mikoba yao... na huyu ananiita mwanangu!

Nikapata nafuu, nikanenepa. Rehema akaanza tena kuniachia funguo za nyumba. Hapo ndipo shetani alipokuja na sura ya rafiki yangu Shaka. Shaka alikuwa bado anatumia unga. Jina lake lilishapokelewa hospitali, anasubiri tu zamu yake ya kuanza dawa. Akaniambia, "Braza, arosto inaniua. Nipe dawa yako, mie nikupe kete yangu."

Kete ya unga... Nilijiambia mara moja tu. Nani asiyejua hiyo mara moja tu?

Nilificha kipande cha sponji ya godoro shavuni, dawa ikaingia humo, ulimi ukabaki huru. Nikamwendea Mama Katibu, nikasema shikamoo safi kabisa. Akaitikia, akanisifu uso umeng'aa. Nikatoka nikaenda kumkamulia Shaka. Kesho yake nikarudia, na keshokutwa.

Asubuhi moja mwenyekiti wa mtaa alikuja na majirani kuona kama tunabadilika kweli. Kati ya wote pale, Mama Katibu aliniita mie. Nilikuwa nimetoka dirishani sasa hivi. Akanishika bega, akawaambia huyu ndiye mfano wangu.

"Mwanangu, wasimulie ulikotoka."

Salamu ni fupi, wasomaji. Hadithi ni ndefu. Nilianza kuongea, mate yakajaa, dawa ikaanza kunichuruzika kooni, nikapaliwa. Nikakohoa. Sponji ikaruka, ikatua mbele ya viatu vya mwenyekiti.

Mama Katibu aliinama, akaiokota kwa ncha ya kanga yake, akaificha kiganjani kama mama anayemfuta mtoto makamasi mbele ya wageni. Kisha akawaambia, "Utaratibu wa salamu niliuweka mimi. Kosa ni langu."

Dirisha lilifungwa. Alikuwa ameahidi hatabisha, na hakubisha. Dawa ikahamishiwa upande wa Kinondoni, mbali, na wengi wa kwetu waliishia njiani. Shaka hakufika hata siku moja. Walimkuta amekufa kwenye kibanda cha mitumba Tandika, bomba la sindano mkononi.

Mama Katibu alikuja msibani. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwamkia huku nimeinamisha kichwa, nikitegemea anipite. Akasimama. "Marahaba mwanangu. Leo umekunywa dawa?" Nikageuka, nikajichanganya na waombolezaji. Baadaye akahamishwa mkoani, na mwaka jana tukasikia amefariki. Sikuwahi kumwomba radhi!

Wewe unayesoma, kama yupo mtu amekuamini wakati ndugu zako wamekuchoka, usimjaribu. Ukimwangusha yeye, umewaangusha na wote waliokuwa nyuma yako kwenye foleni. Na kama unga umeshaurudia, sema mapema, wakati bado yupo wa kukusikiliza.

Mie nimerudi kwenye dawa. Kila alfajiri nakwenda Kinondoni. Huko hakuna benchi. Nesi anasema panua mdomo, toa ulimi, inua. Napanua, natoa, nainua, simlaumu. Nikishamaliza nasogea pembeni, nasema polepole, "Shikamoo Mama Katibu."

Mdomo wangu hauna kitu. Sasa hakuna wa kuitikia.